Hodi Hodhini

Fundi vioo huyu alikuwa na majina mawili, na yote mawili aliyatolea jasho. Mtaani aliitwa Milimita, kwa sababu hakukata kioo kabla hajapima mara tatu, na akikwambia atafika Jumanne saa mbili asubuhi, saa mbili kasoro dakika tano utamkuta mlangoni, penseli sikioni na almasi ya kukatia kioo mfukoni. Nyumbani kwake aliitwa Bwana Wiki Ijayo. Jina hilo alipewa na mke wake, mwanamke aliyefundisha chekechea miaka mingi hata mtaa mzima, na mume mwenyewe, wakamwita Mwalimu tu.

Sitaki kumtetea. Mtu aliyetia vioo karibu kila duka la barabara kuu alilala miaka minne katika chumba ambacho dirisha lake lilizibwa kwa katoni ya sabuni. Bomba la jikoni lilidondosha tone baada ya tone mpaka likachora mstari wa kutu kwenye sinki. Mwalimu akisema, anajibiwa "wiki ijayo", tena kwa sauti nzuri, ya mtu anayeamini anachokisema. Hakuwa mvivu, na mkorofi ndiyo kabisa hakuwa. Alikuwa na ugonjwa wa mafundi wengi: kazi ya mteja ni kazi, ya nyumbani itafanywa kazi zikiisha, na kazi hazikuisha.

Halafu kulikuwa na samaki. Shule ya Mwalimu ilipotaka nafasi ya kuweka makabati, tangi dogo la samaki wa mapambo lililokuwa ukumbini likaambiwa litoke, na Mwalimu akaja nalo nyumbani amelipakata kwenye gari, maji nusu. Samaki walikuwa watatu, wa rangi ya chungwa, na wakati huo kila mmoja angeenea kwenye kijiko. Aliwapa majina ya shuleni. Mkubwa alikuwa Mkuu, kwa kuwa alitembea polepole na kuchungulia kila kona. Wa pili Kiranja, kwa kuwa alimfuata Mkuu kila alikokwenda. Wa tatu, mwenye mkia uliochanika kidogo, alikuwa Mtoro, maana chakula kikimwagwa hayupo, kikikaribia kwisha ndiyo anachomoza nyuma ya jiwe.

Samaki wa aina hiyo hawajui kuacha kukua. Baada ya miaka michache kila mmoja alikuwa mrefu kuliko kiganja cha Fundi, na Mkuu akitaka kugeuka ilimbidi ajikunje. Mwalimu alikuwa anasimama mbele ya tangi jioni, mkono kiunoni.

"Fundi, watoto wamebanana."

"Nawaona, Mwalimu. Wiki ijayo nakata vioo. Futi nne na nusu, waogelee mpaka wachoke."

Miaka saba Mwalimu alipigwa kalenda na mume wake mwenyewe, fundi vioo, kwa ajili ya sanduku la vioo vitano.

Miezi kumi na minne kabla ya haya ninayosimulia, dada yake Mwalimu, mwenye shule ndogo ya chekechea katika mji mwingine, aliachwa ghafla na mwalimu wake. Mwalimu akasema atakwenda kumsaidia muhula mmoja. Hawakugombana. Alipanga nguo zake kwenye sanduku taratibu, akamwonyesha mumewe chakula cha samaki kilipo, na funguo zake za nyumba akaziacha zilivyo kwenye mkufu wa mkoba. Mlangoni aligeuka, akalitazama tangi, akasema, "Samaki wakipata nyumba, nitakuja kuwaona."

Gari lilipokata kona ndipo Fundi alipoanza kulipima neno lile, kama alivyozoea kupima, mara tatu. Hakusema nitarudi. Alisema nitakuja. Mtu kwake hurudi. Kwa watu ndiko anakokuja. Alisimama pale mlangoni na neno lake moja mpaka jirani akamuuliza kama amefungiwa nje.

Kesho yake alitoa katoni dirishani akaweka kioo. Kazi yote ilimchukua dakika ishirini, pamoja na kufagia. Akaketi ukingoni mwa kitanda akatazama saa yake, dakika ishirini, na machozi yakamtoka, na hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba chumba sasa kina mwanga.

Muhula ukaisha ukaja wa pili. Dada mtu akapata mwalimu mwingine, naye hakukaa. Ukaja wa tatu. Kila Jumapili saa kumi jioni simu ilikuwa inalia, na mazungumzo yao yalikuwa ya samaki. Hawakuwa wamekubaliana hivyo, lakini ndiko mahali pekee ambapo hakuna aliyejikwaa.

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Ila Mtoro siku hizi hali vizuri."

"Ana nini?"

"Hata sijui. Anakaa tu nyuma ya jiwe. Chakula anakiona, hakitaki."

"Mwambie ale. Mwambie nimesema mimi."

"Nitamwambia."

Fundi alikuwa anaweka simu chini, anakwenda jikoni, anapasha kiporo na kukila chote, kwa kuwa ameambiwa. Mtoro mwenyewe alikuwa anakula bila shida yoyote.

Alimtamani sana mke wake. Naisema mimi wazi kwa sababu yeye hakuwahi kuisema. Alitamani hata yale aliyokuwa anayakimbia: ule mkono kiunoni, chaki kwenye mikono ya gauni, sauti ya kuhesabia watoto ambayo Mwalimu aliitumia kumhesabia yeye ahadi zake. Alilitengeneza bomba la jikoni, kisha usiku mmoja akakosa usingizi kwa kutosikia tone. Alitamani mtu amwite Bwana Wiki Ijayo. Lakini tangi hakulitengeneza, na hapa ndipo watu wa mtaani wangemshangaa kama wangejua. Kila alipotaka kukata vioo aliogopa. Akilitengeneza, Mwalimu atakuja kuwaona samaki. Na akishawaona, atakuwa amemaliza kilichomleta.

Kilichomtoa kwenye woga huo kilikuwa soksi. Jumatatu moja asubuhi alikanyaga zulia la sebuleni, soksi ikalowa. Tangi la zamani lilikuwa linavuja kwenye pembe, gundi ya miaka yote imechoka, na maji yameshuka vidole vinne. Mkuu alikuwa amejibanza chini, Kiranja ubavuni mwake, wanamtazama.

Safari hii hapakuwa na wiki ijayo. Samaki walitakiwa kuhamishwa asubuhi ile, na nyumba nzima ilikuwa na chombo kimoja tu kilichowatosha: hodhi la kuogea. Fundi alilisugua kwa maji matupu bila sabuni, akalisuuza mara tano. Alihamisha maji ya tangini kwa ndoo, yale yale ya zamani, kwa sababu samaki hawapendi kuamkia maji wasiyoyajua. Yaliyopungua akaongeza kutoka kwenye pipa, yaliyokwisha kulala siku nzima yakatoa dawa ya bomba. Sifongo la chujio akalihamisha na uchafu wake, hakuliosha, maana mna vijidudu vinavyosafisha maji, na ukiviosha umeviua. Akaweka pampu ya hewa na lile jiwe la Mtoro. Yote haya Mwalimu alikuwa anayasema mezani miaka na miaka, Fundi akiitikia "mm" huku akisoma vipimo vya madirisha ya watu. Kumbe masikio yalikuwa yanapokea. Mwisho akatandaza chandarua juu ya hodhi, asije mmoja akaruka.

Asubuhi iliyofuata alifungua mlango wa bafu kwa nguvu zake za kila siku. Mtoro akaruka, akagonga chandarua, akaanguka majini kwa kishindo. Moyo wa Fundi ulimwenda mbio kuliko wa samaki. Kuanzia siku hiyo akawa anagonga mlango kwa kidole kimoja, anasema "hodi" kwa sauti ya chini, anasubiri kidogo, ndipo anaingia. Alianza kwa mzaha. Siku ya tatu aligundua kwamba anasimama pale mlangoni muda mrefu kuliko inavyohitajika, na kwamba amekuwa anasikiliza kama ataitikiwa. Samaki hawaitikii, bila shaka. Alikuwa anaingia, anabadilisha robo ya maji, anatoka.

Kuoga akahamia uani, kwa ndoo, nyuma ya pazia la turubai. Jirani yake, mstaafu wa posta ambaye watu walimwita Bwana Stempu, aliuona mguu wake chini ya turubai akashindwa kunyamaza.

"Fundi! Umefukuzwa hata bafuni?"

"Nina wageni."

"Wageni gani wanaoga kutwa?"

"Niache, Stempu. Ni kwa muda tu."

"Hata mimi nilihamia hapa kwa muda tu," Stempu akasema, akarudi ndani akicheka.

Vioo alivikata Jumatatu ile ile, katika kibanda chake cha kazi uani. Alikuwa na kipande kizuri cha milimita kumi kilichobaki kwenye kazi ya duka la viatu. Alipima mara tatu, akaongeza ya nne kwa heshima ya Mwalimu. Akasugua kingo mpaka kidole kikapita bila kukwaruzwa. Jumanne akavibandika kwa silikoni yake mwenyewe, ile aliyoiamini miaka ishirini kwenye madirisha na mabafu ya mji mzima, isiyoota ukungu hata mahali penye mvuke. Mistari yake ilinyooka. Alilizunguka tangi mara mbili huku mikono iko nyuma, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alijisikia kupiga mluzi.

Jumapili saa kumi simu ikalia.

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Tangi lilivuja, Mwalimu. Wako hodhini."

"Mungu wangu! Hodhini? Na wewe unaoga wapi?"

"Uani, kwa ndoo."

Mwalimu akacheka. Fundi aliibana simu sikioni ili kicheko kisimwagike. Kilipokwisha akasema haraka, "Jipya nimeshalibandika. Futi nne na nusu."

"Umelibandika au utalibandika?"

"Nimelibandika. Liko uani, nimelifunika, linakauka."

Kwenye simu Fundi alisikia sufuria za dada mtu zikigongana.

"Basi Jumamosi nitakuja kuwaona," Mwalimu akasema.

Nitakuja, tena. Fundi alijibu vizuri, akaaga vizuri, kisha akakaa ameshika tama. Furaha na hofu zilimpanda kwa pamoja, na hofu ilikuwa na sura moja tu: hodi. Mwalimu alikuwa na funguo. Mtu mwenye funguo zake hufungua mlango na kuingia, huku analalamika jua au mzigo. Lakini mtu aliyekuja kuona samaki husimama nje na kusema hodi, hata kama ana funguo kumi, na wewe wa ndani unalazimika kusema karibu, na ukishasema karibu umekwisha kumfanya mgeni kwa mdomo wako. Fundi alijua kwamba Jumamosi, kabla hajauona uso wa mke wake, neno lile mlangoni ndilo litakalomwambia kila kitu.

Jumanne alilijaza tangi maji kulijaribu. Alizungushia magazeti makavu chini, na mpaka Alhamisi hapakuwa na gazeti lililolowa. Akalimwaga, akajipongeza, akaenda duka la samaki kununua pampu kubwa zaidi.

Dada wa duka la samaki alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba, na aliuliza maswali kama daktari. Futi ngapi? Samaki wangapi? Maji yamelala muda gani? Fundi alijibu yote kwa kichwa juu. Kisha akaulizwa, "Na umebandika kwa silikoni gani, Mzee?"

"Binti, mimi ni fundi vioo. Nimetumia ile bora. Ya mabafu, haioti ukungu maisha."

Dada akaweka kalamu chini. "Haioti ukungu kwa nini?"

Fundi akaitoa penseli sikioni, akairudisha.

"Ina sumu ya ukungu, Mzee. Dirishani haina neno. Majini inatoka kidogo kidogo. Siku ya kwanza samaki wanaogelea, ya pili wanaogelea, unawafurahia. Wiki ikiisha unawatoa mmoja mmoja." Alipoona sura ya Fundi ilivyobadilika akalegeza sauti. "Wengi wanakosea. Ila kwa mafundi vioo ndiyo naogopa zaidi, maana mnajiamini. Ipo ya samaki, haina dawa. Mke wa fundi vioo mmoja aliinunua hapa hapa zamani. Mwalimu wa watoto. Alifurahi huyo! Akasema mume wangu ananitengenezea tangi, futi nne na nusu."

Fundi alishika ukingo wa meza. "Lini?"

"Zamani. Mwaka wangu wa kwanza hapa dukani. Miaka saba? Hao samaki wake siku hizi watakuwa wanaogelea raha mustarehe."

Alirudi nyumbani na pampu na tyubu mpya ya silikoni, asijue amepita njia gani. Aliingia kibandani moja kwa moja, akapanda kwenye kiti, akaanza kushusha makopo ya rafu ya juu. Nyuma ya kopo la pili alilikuta. Tyubu lilikuwa limesimama wima, likitazama mbele, mahali ambapo mtu mwenye kusogeza makopo mawili angeliona siku yoyote. Lilikuwa limebandikwa karatasi, na juu yake mwandiko wa ubaoni, herufi kubwa za mviringo za kuwasomesha watoto wa miaka minne: YA SAMAKI TU. Alilifinya. Lilikuwa limekauka kuwa jiwe.

Mwalimu hakumwambia zaidi ya mara moja, huenda. Alilinunua, akaliweka kwenye rafu ya mumewe, akasubiri. Miaka saba Fundi amekuwa akichukua makopo kutoka mbele yake na kuyarudisha.

Akaingia ndani, akagonga mlango wa bafu, akasema hodi, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya hodhi. Na hapo ndipo shetani alipomjia kwa upole. Tangi liko tayari, limependeza, halivuji. Jumamosi asubuhi awatie samaki humo. Siku ya kwanza wanaogelea, dada wa duka amesema mwenyewe. Mwalimu ataingia, atamwona Mkuu akigeuka bila kujikunja, atasimama mkono kiunoni, labda atalia, labda ataketi. Jumapili jioni anawarudisha hodhini kimyakimya, anasingizia pampu. Sumu ya siku moja itawafanya nini? Nakiri kwamba mimi mwenyewe ningeshawishika.

Njia nyingine ilikuwa moja. Kulikata tangi lote pembe kwa pembe, kukwangua kila uzi wa ile silikoni, kuosha, kubandika upya, na kungoja likauke. Hesabu yake haikuhitaji penseli. Halingekuwa tayari Jumamosi. Lingekuwa tayari wiki ijayo.

Alipofika kwenye neno hilo alicheka peke yake, kicheko kibaya. Kati ya maneno yote duniani! Mtoro alitoka nyuma ya jiwe, akapanda mpaka chini ya chandarua, akafungua na kufunga mdomo akidai chakula. Akanyunyiziwa punje chache, na safari hii akawa wa kwanza kula. Fundi alimtazama akila mpaka mwisho, na akajua kwamba hawezi.

Ijumaa saa nne asubuhi akapiga simu. Haikuwa siku yake, haikuwa saa yake, na Mwalimu alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Nani anaumwa?"

"Hakuna."

"Mtoro?"

"Mzima. Wote wazima. Mwalimu, tangi nimelikosea. Nilitumia silikoni ya mabafu. Ina sumu. Leo nalikata lote."

"Litakuwa tayari lini?"

Angeweza kuzunguka. Angeweza kusema baada ya siku saba, au Ijumaa ile nyingine, au hivi karibuni. Aliona yote ni kujificha.

"Wiki ijayo," akasema.

Upande wa pili watoto walikuwa wanaimba namba. Walifika kumi wakaanza tena moja.

"Nimeliona lile tyubu," Fundi akasema. "La rafu ya juu."

"Limekauka?"

"Limekauka."

"Haya," Mwalimu akasema, simu ikakatika.

Haya ni neno gumu. Ni sawa, na ni shauri yako, na ni nimechoka, na ni twende. Fundi alilipima mara tatu likampa vipimo vitatu. Akachukua wembe akaenda kibandani.

Ilikuwa kazi ya Ijumaa nzima kulitenganisha lile tangi, na Jumamosi aliamkia kukwangua. Aliviegemeza vioo vitano ukutani, akaketi kwenye gunia, akavipitia kimoja kimoja kwa wembe na kitambaa. Uani kulikuwa na jua. Alikuwa ameuacha mlango wa nyuma wazi ili sauti ya mlango wa mbele imfikie, na kila baada ya mkwaruzo mmoja alisimamisha wembe akasikiliza. Basi la asubuhi kutoka mji ule lilikuwa linafika saa nne. Saa nne ikafika. Alishasahau kwamba hodi ndiyo aliyokuwa anaiogopa. Sasa alikuwa anaiomba. Aseme hodi, aseme hata mara tatu, aje kama mgeni, aje kama mkaguzi wa shule, ilimradi awe upande wa pili wa ule mlango.

Saa tano. Bwana Stempu alichungulia juu ya ukuta.

"Leo mbona hujaoga?"

"Stempu, hujasikia mtu akigonga kwangu? Hodi, chochote?"

"Sijasikia hodi yoyote. Unangoja mzigo?"

"Hapana," Fundi akasema, na akaona ndilo jibu la kweli. Hakuna aliyekuja. Haya ile ilikuwa haya ya kuchoka. Alimaliza kioo cha nne, kisha cha tano, akavifuta vyote kwa siki na maji, akavipanga. Mikono ilikuwa inafanya kazi vizuri sana. Ndiyo ilivyokuwa desturi yake, mikono haikumsaliti hata siku moja. Ilipofika saa saba alikumbuka kwamba samaki hawajabadilishiwa maji. Akainuka, magoti yakalia, akaingia kwa mlango wa nyuma na wembe wake bado kwenye mfuko wa shati.

Ukumbini kulikuwa kimya. Alifika mlango wa bafu, akagonga kwa kidole kimoja, kama siku zote.

"Hodi," akasema.

"Karibu," Mwalimu akajibu kutoka ndani.

Fundi hakusogea. Kidole chake kilikuwa bado kiko hewani.

"Nimesema karibu. Sukuma taratibu, utamshtua Mtoro."

Alisukuma taratibu. Mwalimu alikuwa ameketi juu ya ile ndoo iliyopinduliwa, viatu amevua, mkono mmoja wa gauni umekunjwa mpaka kwenye kiwiko, vidole majini chini ya chandarua. Mkuu alikuwa anavizunguka vile vidole polepole akivikagua, Kiranja nyuma yake. Funguo zilikuwa sakafuni karibu na viatu.

"Umeingia saa ngapi?"

"Saa nne na robo. Nilikuona uani unakwangua, nikasema nisikukatize. Siku zote nilikuwa nakukatiza." Hakuinua uso. "Wamenenepa. Na yule asiyekula vizuri namwona ananyang'anya wenzake."

Fundi akatazama chini kama mtoto wa chekechea aliyeshikwa na kalamu ya mwenzake.

"Vioo nimevimaliza," akasema. "Nabandika leo. Kwa ya samaki tu."

"Tangi litajaa lini?"

Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua. Maneno yalikuwa yale yale mawili na hapakuwa na mengine.

"Wiki ijayo, Mwalimu."

Mwalimu alitoa mkono majini, akaukung'uta, akamtazama kwa mara ya kwanza, kuanzia vumbi la nywele mpaka wembe wa mfukoni. Fundi alimwacha apime.

"Haya," akasema. "Nitaingoja hapa." Kisha akasimama, akaichukua ile ndoo aliyoikalia na kumpa. "Lete maji yaliyolala. Haya hayajabadilishwa tangu jana."

Na Bwana Wiki Ijayo akaenda kuyaleta saa ile ile.